Mchanga Uliokuwa Juu Yetu

Jirani yangu mchota maji bado hushuka mtoni hapa Ekalakala na kibuyu chake kilichokatwa, ingawa ule mchanga aliokuwa akifukua kisima ndani yake haupo tena. Malori yaliuzoa wote kwenda kujenga maghorofa ya mji wa Athi River, mto ukazama hadi kwenye mwamba, na mizizi ya mikuyu sasa inaning'inia juu ya vichwa vyetu. Yeye hupiga magoti kwenye kidimbwi kilichobaki, humwaga kibuyu cha kwanza kando kama mama yake alivyofanya, kisha hujaza mtungi polepole, vidole vimechubuka kwa kukwaruza jiwe. Jana, nikiwa kando yake na mtungi wangu, aliinua uso ghafla, akatazama hewani, pale mchanga ulipokuwa ukifika zamani. "Mmeamkaje, akina mama?" akaita kwa upole. Nikamwuliza anaongea na nani. "Si ni hao wanafua hapo juu," akanijibu, akiusogeza mtungi wangu. "Weka huku, maji yao yasiingie." Nikacheka. Angani hakukuwa na wingu hata moja. Kisha tone likanidondokea shingoni, na nilipolipangusa, kidole kikateleza kwa sabuni.