Nilipata alama zote kwa kipimo cha macho cha headset, na hapo ndipo shida ilijificha

Wakuu, salamu kutoka Machakos. Mimi huwa nasoma tu humu ndani, sijawahi kuanzisha uzi. Huu nimeuandika na kuufuta mara sita, kwa sababu niko na ule ugonjwa wa kutaka kila kitu kiwe sawa. Leo nauacha na makosa yake. Yote haya yalinipata mimi, na sehemu ya aibu sitairuka.

Naishi Mumbuni na nafanya kazi katika kiwanda kimoja cha nguo huko EPZ Athi River, upande wa quality, yaani ukaguzi. Shati likitoka kwa mashine linapita mezani kwangu. Kola, vifungo, mikono, pindo. Kola, vifungo, mikono, pindo. Sikusomea popote. Nilijifunza kwa video za simu na kwa kugeuza mashati ya marehemu baba nje ndani hadi mama akanikataza.

Meza yetu iko na sheria moja ambayo haijaandikwa. Ukibandika stika ya kasoro kwa shati zuri, utachekwa kidogo. Ukipitisha shati bovu, unaitwa ofisi. Kwa hivyo ukiwa na shaka, bandika.

Shikeni hiyo, maana ndiyo iliyoniponza.

Mwaka jana walikuja watu wa kupima macho bure. Hawakuwa na ile chati ya herufi peke yake. Walikuwa na headset, kama zile za kucheza game, inafunika uso mzima. Kijana mmoja mpole, Yusuf, alinivalisha na kunipa kitufe mkononi.

"Angalia nukta ya katikati. Ukiona taa ndogo popote, bonyeza. Usihamishe macho, dada."

Wakuu, ndani ya kile kitu kuna giza la ajabu. Kiwanda chote kilipotea, na mashine mia kadhaa zikawa kama zinanguruma chini ya maji. Taa ya kwanza ikaja, kama nyota. Ya pili. Kisha nyingine hafifu sana, nikabaki najiuliza kama nimeiona ama nimeiwaza.

Nikabonyeza.

Aibu yenyewe ni hii. Niliogopa kukosa. Mtu wa quality akiambiwa macho yake ni mabovu, ataenda wapi? Na nilishasikia mwendo wa zile taa. Zilikuja kwa mdundo, kama kola, vifungo, mikono, pindo. Kukiwa kimya muda mrefu, nilibonyeza tu. Ukiwa na shaka, bandika.

Yusuf alitabasamu. "Umepata zote, dada. Macho safi kabisa." Karatasi ilikuwa na ramani mbili za macho yangu, nyeupe tupu. Chini kulikuwa na mstari mdogo wa maandishi. Sikuusoma, na nadhani hata yeye hakuusoma. Nilibandika karatasi ukutani kwangu, juu ya kitanda.

Baada ya hapo vitu vikaanza kunitokea ghafla. Kikombe kiko mezani, mara hakipo, mara kipo. Mwenzangu Mwende alikuwa anasimama kushoto kwangu na mimi naruka kama nimeona jini.

"Wewe nawe! Nimekuita mara tatu," anasema. "Ama unaniringia?"

Nilijiambia ni uchovu. Si karatasi iko ukutani?

Halafu siku moja mchana supervisor wetu, Kioko, akaja na shati la visanduku vya bluu na nyeupe. Akalitandika mbele yangu chini ya taa.

"Hii ilipita kwako?"

"Ndiyo."

"Iko sawa?"

Nikaliangalia. "Iko sawa, boss."

Meza nzima ikacheka. Kioko hakucheka. Akanishika kidole na kukiweka kifuani mwa shati. Kidole kikazama.

Kulikuwa na tundu la pasi. Nilisikia kingo zake zilizoungua zikinikwaruza ngozi. Lakini machoni kitambaa kilikuwa kizima, wakuu. Visanduku vya bluu vilipita pale juu bila kukatika hata uzi mmoja. Na ncha ya kidole changu haikuwepo.

Nilipogeuza kichwa kidogo, tundu likafunguka. Nikarudisha kichwa, likajifunga.

Nililia pale pale mezani. Mwende alinipeleka nje.

Kesho yake nilienda hospitali na ile karatasi. Daktari, mama mmoja wa makamo, aliisoma hadi chini.

"Nani alifanya hiki kipimo?"

"Mimi."

"Hapana. Kila jicho la binadamu liko na sehemu moja ndogo isiyoona, hata likiwa zima. Hapa haipo. Huyu wa kwenye karatasi anaona hadi mahali ambapo hakuna mtu huona."

Kisha akanisomea ule mstari wa chini: amebonyeza mara nyingi bila taa, matokeo yasitegemewe. Headset haikudanganya. Ilimaliza kazi yake na kuandika kwamba mimi ndiye nimedanganya.

Alinipima upya, headset yao kwanza, halafu ile mashine kubwa ya kuweka kidevu. "Bonyeza ulichoona tu," akasema. "Ukikosa, kosa."

Hicho ndicho kipimo kigumu zaidi nimewahi kufanya. Kulikuwa na ukimya mrefu, nikijua taa zinawaka mbele yangu na mimi nimekaa tu gizani na kidole juu ya kitufe. Mashine zote mbili zilitoa ramani karibu sawa. Kushoto doa jeusi kando ya katikati, kulia doa dogo limeanza karibu mahali pale pale. Presha ya macho. Kilichopotea hakirudi. Kilichobaki nakilinda kwa dawa ya matone kila siku. Nilimwambia Kioko mwenyewe, na sasa niko upande wa kupakia mashati kwa katoni.

Daktari alisema ugonjwa huu hutembea katika ukoo, nilete mama. Nilimpigia simu nikamweleza yote, nikalia tena. Basi wiki iliyopita mama akashuka kutoka Kathiani na kitambaa chake kizuri cha kichwa, akavalishwa headset. Mimi nikasimama nyuma yake.

Akaanza kubonyeza. Tik. Tik. Tik. Tik. Mdundo mmoja, bila kukosa.

Niliujua ule mdundo.

Nilimshika mkono wa pili, ule usio na kitufe. "Mwaitu, mama yangu, unaziona kweli?"

Kidole kikasimama. Akanijibu kutoka ndani ya lile giza, kwa sauti ndogo sijawahi kumsikia nayo.

"Baadhi tu. Sikutaka ulie tena."

Tulianza upya. Safari hii kidole chake kilikaa muda mrefu sana bila kubonyeza, na mimi sikuuachilia ule mkono wa pili.

Wakuu, ukivalishwa hicho kitu, kubali kukosa. Na karatasi yako isome hadi mstari wa mwisho. Nani hapa amewahi kupimwa hivi, na ulikuwa unabonyeza nini? Semeni ukweli. Mimi nimeshasema wangu.