Mchoro wa Ukutani

"Hivi shoga, miaka ishirini na miwili unaosha chupa za watu, wewe mwenyewe umeambulia nini?" Jirani yake alimuuliza hivyo siku moja wakianika nguo. Mhudumu wa maabara ya shule ya wasichana akacheka tu. Angemjibu nini? Kwamba viganja vyake vinajua kemia?

Maana vilijua. Yeye ndiye aliyekusanya bika, vile vikombe vya kioo vya kuchanganyia dawa, kila baada ya kipindi. Asidi ikikutana na kostiki soda, bika ilimchoma mpaka akaishika kwa pindo la aproni. Unga wa magadi ukimwagiwa asidi ya limao, bika ilipoa kama imetoka kwenye friji. Mwalimu wa zamani, mzee mpole, Mungu amrehemu, aliwahi kumchorea mstari wa jambo hilo kwenye karatasi.

"Mstari huu si wa kipimajoto, dada yangu. Ni wa nguvu iliyomo ndani ya dawa zenyewe. Zikianzia juu zikaishia chini, zimetua mzigo, na mzigo huo ndio joto linalokuunguza. Zikianzia chini zikaishia juu, zimejitwisha mzigo, nao zimeutoa mkononi mwako. Ndiyo maana unasikia baridi."

"Na hiki kinundu cha katikati?"

"Hicho ni kule kusukumwa kwanza, ndipo ziende."

Karatasi ile akaihifadhi ndani ya kitabu chake cha sala.

Mzee akastaafu, akaja kijana mwenye digrii na tai. Akamwita mchora mabango, wakapamba ukuta wa maabara kwa michoro miwili mikubwa. Asubuhi mhudumu akiwa na kitambaa chake cha vumbi, akasimama. Palipoandikwa KUTOA JOTO, mstari ulipanda. Palipoandikwa KUNYONYA JOTO, ulishuka. Akamsogelea mwalimu kwa adabu, akamwambia polepole. Mwalimu akajibu kwa sauti ya kusikiwa na darasa zima.

"Kitu kikipata moto kinapanda au kinashuka? Mama Chupa, tangu lini chupa zikafundisha?"

Wasichana wakaangua kicheko. Hata binti wa marehemu mdogo wake alicheka, yule aliyemlea tangu ananyonya, na hicho ndicho kilichomkata maini.

Wiki ya mtihani wa mwisho alimtolea binti ile karatasi.

"Mwanangu, kwenye kutoa joto chora mstari unaoshuka. Nakuomba."

"Mama mkubwa, jamani! Mwalimu ana digrii. Wewe una sabuni."

Akairudisha karatasi kitabuni. Akamwombea mtoto, akazima taa.

Swali lilitoka. Binti alichora kama ukutani, na darasa zima vilevile. Majibu yalipokuja, chuo cha uuguzi kilimkataa kwa kupungukiwa alama mbili za kemia. Alikaa kitandani siku tatu, macho yamemvimba. Siku ya nne akafungua mdomo.

"Ulikuwa unajua. Kwa nini hukunilazimisha?"

Mama mkubwa wake alimtengea chakula, akatoka nje kufua nguo ambazo hazikuwa chafu.

Mwalimu hakuulizwa na mtu. Alipandishwa cheo, akahamia ofisi ya elimu, akaagwa kwa keki. Mhudumu alienda kwa mkuu wa shule mara mbili kuusemea ukuta ule. Mara ya kwanza aliambiwa rangi ile ni ya gharama. Mara ya pili aliambiwa aandike barua. Akaandika kwa mwandiko wake wa darasa la saba. Barua ikaingia kwenye faili, ikalala. Wasichana wapya wakaingia, wakafungua madaftari, wakanakili ukuta. Yeye anapita nyuma yao na beseni la bika, moja inamuunguza, nyingine inamgandisha vidole.

Siku ya kustaafu kwake walimu walikusanyika humo humo maabara. Wakamsifu kwa usafi. Mkuu wa shule akatabasamu.

"Mama Chupa wetu, sema mwenyewe. Tukupe zawadi gani?"

Akautazama ukuta, kisha akawatazama wao.

"Naomba kopo moja la rangi nyeupe, brashi, na ufunguo wa chumba hiki kwa siku moja."