Maite na Kinamasi cha Wifi Yangu

Maite alipofika kwangu alikuwa na sanduku moja, wavu wa kunasia nzi, na kibuyu cha chai. Ninaposema kibuyu sitanii. Kwao Uruguay wanatia majani makavu ndani ya kibuyu, wanamwagia maji moto, wanafyonza kwa mrija wa chuma, wakimaliza wanaanza upya, mpaka unajiuliza wanapika saa ngapi. Alinipa nionje. Ulimi ulinikauka siku tatu, na siku ya nne nikaanza kuota kwa Kihispania.

Alikuwa na miaka ishirini na saba, mwembamba, nywele nyingi kuliko mwili. Chuo kikuu cha mjini St. John's kilikuwa kimempa viangazi viwili aje kwetu Ghuba ya Goslin kufanya utafiti wake, naye akakodi chumba changu cha juu, kile kinachotazama kanisa.

"Utafiti wa nini, mwanangu?"

"Wa nzi, Shangazi Selina." Huku kwetu kila mwanamke mzee ni shangazi, naye alilishika hilo siku ya kwanza.

"Umepanda ndege tatu na basi la mwendo wa saa kumi kuja kuhesabu nzi? Kwenu hawapo?"

"Wapo. Ila hawa wenu ndio wanaotua kwenye maua ya beri za kinamasi. Nataka kujua wakipungua, beri zitapungua kiasi gani."

Hapo nikaacha kucheka. Huku kwetu Newfoundland unaweza kumtania mtu pua yake na hata mazishi ya babake, lakini beri za kinamasi hazitaniwi. Kila shina linazaa beri moja tu, rangi ya kaharabu, na kujaza ndoo unainama kutwa kwenye tope huku mbu wanakunywa. Mbu wetu ni wakubwa. Mmoja alinibishia hodi mwezi Julai, nikafungua nikidhani ni mleta barua. Basi kila ukoo una kinamasi chake, na mahali kilipo hapasemwi. Mimi na marehemu mume wangu Hezekiah tulilala kitanda kimoja miaka arobaini na mmoja, akafa akiamini beri zangu nazitoa kile kisiwa kidogo kilicho mbele ya ghuba.

Mwaka wa kwanza Maite alikuwa wangu. Nilimfundisha kuwasha jiko la kuni. Nilimtoa kwenye tope alipozama hadi kiunoni na kuacha kiatu kimoja huko chini, ambacho hadi leo hakijapatikana na nadhani kimeota mizizi. Alifeli mtihani wa udereva mara mbili, mara zote mbili kwa kusimamisha gari katikati ya barabara atazame mdudu aliyetua kwenye kioo. Mara ya tatu alipofaulu, mtu wa kwanza aliyempigia simu nilikuwa mimi, kabla ya mamake. Wakati wa baridi alipokuwa kwenye maabara mjini alinipigia kila Jumapili: leo nimeona theluji hadi dirishani, leo nimekula nyama ya chumvi na kabichi lakini si kama yako, leo profesa amenisifu. Nami kila Jumatatu nilipita dukani nikazitangaza habari hizo kwa sauti, hasa Drusilla akiwepo.

Drusilla Keeping ni wifi yangu, mke wa marehemu kaka yangu Ambrose. Nyumba yake inatazamana na yangu, na pazia lake linatingishika kila nikitoka kumwaga maji. Miaka thelathini jamu yake ya beri ndiyo inayoisha kwanza kwenye chai ya kanisa ya kuchangisha fedha. Yangu inabaki mitungi miwili mitatu, mchungaji anainunua kwa huruma. Nimejaribu kila kitu. Nimeongeza sukari, nimepunguza sukari, nimeisomea Zaburi ikichemka. Siri haiko jikoni, iko kwenye kinamasi chake, na kinamasi chake sikuwahi kukiona.

Kiangazi cha pili, mwisho wa Julai, nilikuwa naanika shuka Drusilla akavuka barabara na mguu wake mbovu, uso unang'aa kama sufuria mpya.

"Hongera, wifi!"

"Ya nini?"

"Aa! Hajakuambia? Makala ya mtoto imekubaliwa. Ile yake ya kwanza kabisa, itachapishwa na jina lake juu. Ameniambia jana tulipokuwa..." Akajishika mdomo. "Tulipokuwa mahali."

"Mahali gani?"

"Mahali tu, mpenzi. Shuka lako limedondoka."

Lilikuwa limedondoka kweli. Sikuliokota. Moyoni nilikuwa nawaka kama jiko lililosahauliwa. Habari kubwa namna ile, kuambiwa na Drusilla, tena juu ya kamba yangu ya nguo!

Jioni Maite alipokuja mezani nilimkatia mkate wa molasi, kipande chembamba unaona jirani upande wa pili.

"Siku hizi unafanyia kazi wapi, mwanangu?"

"Kule barabarani, Shangazi. Kile kinamasi cha watu wote." Masikio yakawa mekundu. Mtoto yule hajui kudanganya. Mimi najua, kwa hiyo nautambua uongo hata ukija umevaa kofia.

"Na makala?"

"Nilitaka nikuambie leo! Jana barua pepe imeingia niko na Shangazi Drusilla, nikapiga kelele, akasikia. Umekasirika?"

"Mimi? Nikasirikie nini? Kula."

Kisha akanieleza jambo ambalo ningelisikiliza vizuri zaidi kama nisingekuwa nimenuna. Makala ile ilikuwa ya nzi peke yao. Kazi yenyewe ilikuwa beri za mwaka huu. Akizihesabu kabla hazijachumwa, chuo kitamwongezea miaka mitatu aimalize shahada yake. Asipozihesabu, Septemba anarudi kwao Paysandú mikono mitupu, maana kiangazi cha tatu hakipo. "Beri zikiguswa, Shangazi, mimi nimekwisha," alisema. Nikaitikia ndiyo, ndiyo, nikiwaza lile neno "mahali".

Jumanne ya pili ya Agosti Maite alikwenda mjini kuchukua mizani, na Drusilla akachukuliwa na mpwa wake kupelekwa kliniki kwa ajili ya goti. Mimi huyo, ndoo mbili, skafu kichwani. Nilifuata nyayo za viatu vya Maite nyuma ya nyumba ya Drusilla, nikapita mawe ya zizi la zamani la kondoo, nikavuka kijito, nikapenya misonobari iliyobanana hata panya angeomba njia. Halafu miti ikaisha.

Wenzangu, niliketi chini. Kinamasi kilikuwa kimetandazwa kama zulia la kifalme. Beri kubwa kama mayai ya kuku. Sawa, ya njiwa. Moja ilikuwa nzito mpaka shina lake limekaa chini kupumzika. Na palepale penye beri nono, mraba kwa mraba, pamezungushiwa uzi na kuchomekwa vibendera vyekundu.

Mtu wa kwingine angeona vibendera akasema: hapa pana kazi ya msomi. Mimi nimezaliwa Ghuba ya Goslin. Maite alisema kazi yake iko barabarani. Kwa hiyo nilichoona mimi ni Drusilla amejiwekea alama zake mwenyewe, beri bora zisije zikachumwa na mwingine, tena amemlaghai mtoto wa watu amkatie uzi. Nikasema kumbe ndivyo unavyoshinda kanisani, wifi! Nikapiga magoti. Nje ya vibendera sikugusa hata moja. Ndani nilizichuma zote, miraba arobaini, na mgongo haukuniuma hata kidogo. Wivu ni dawa nzuri ya mgongo.

Saa kumi na moja nilikuwa nyumbani, ndoo chini ya meza zimefunikwa taulo, naimba. Maite alirudi, akaacha mizani kwenye ngazi, akatoka tena mbio kwenda kutazama beri zake. Aliporudi mara ya pili hakuvua viatu. Alisimama katikati ya jiko langu akichuruzika tope.

"Zimechumwa."

"Nini, kipenzi?"

"Zote. Ndani ya kila mraba. Nje hawakugusa, Shangazi! Ni kama mtu alijua. Ni nani ananichukia hivi?"

Kabla sijafungua mdomo, mlango ukagongwa na kufunguliwa kwa pamoja. Drusilla hasubiri kukaribishwa.

"Yuko hapa mwizi," alisema, ananinyooshea fimbo yake ya kutembelea. "Nimeona nyayo kwenye kijito. Kisigino cha kushoto kimelika. Nani mwingine Goslin anatembea kama bata?"

"Bata ni wewe na goti lako!"

"Fungua hilo taulo, Selina."

"Ni nguo chafu."

"Nguo chafu zinanukia beri?"

Maite akaniangalia. Kama angepiga kelele ningepiga kelele pia, kazi hiyo naiweza. Hakupiga. Aliinama mwenyewe, akafunua taulo, akazitazama ndoo mbili zimejaa hadi ukingoni, kisha akakaa kwenye sakafu.

"Nilidhani ni alama za wifi," nilisema. "Uliniambia kazi yako iko barabarani."

"Kwa sababu nilimwahidi Shangazi Drusilla sitasema mahali. Wewe mwenyewe ulinifundisha. Ulisema huku mtu akikuonyesha kinamasi chake, unakwenda nacho kaburini."

Drusilla akateremsha fimbo yake. Nami nikapiga magoti kando ya ndoo.

"Zirudishe," nikasema kijinga. "Nakumbuka kila moja ilikotoka. Hii kubwa ilikuwa mraba wa kona."

"Haiwezekani, Shangazi. Kila beri ina shanga ndogo, si umeziona? Shanga nyingi, nzi walikuja mara nyingi, na beri inakuwa nono. Lazima nijue beri ipi imetoka wapi, na ilikuwa na nzi wangapi karibu, na nje ya vibendera sikuwahesabu. Sasa ni jamu tu." Akafuta pua na mkono wa sweta. "Na kila kinamasi kimeshaiva na kuchumwa. Nimechelewa kila mahali."

Kila mahali isipokuwa mahali pamoja. Nililijua kabla hajamaliza, na roho yangu ilijikunja kama paka anayetiwa majini. Kinamasi changu kiko juu mlimani, upande wa kaskazini, baridi tupu, kinaiva siku kumi baada ya vingine. Alinionyesha mama yangu, naye alionyeshwa na mamake. Mtu wa tatu hakuwahi kuwepo.

"Nina pangu," nilisema. "Hapajaiva bado."

Drusilla akacheka. "Kisiwani?"

"Kisiwani kuna mawe na mavi ya ndege, wifi. Hezekiah wangu aliamini, na wewe pia."

Maite alisimama. Alikuwa ameshahesabu nzi kwenye miteremko yote ya mlima kwa mitego yake, akasema kama ni upande wa kaskazini basi hesabu za nzi anazo. Alichohitaji ni beri, siku nne, na mikono sita: mtu mmoja anachuma, mmoja anapima, mmoja anaandika.

"Mikono minne," nikasema.

"Sita, Shangazi. Zikiiva zinaoza haraka."

Akamtazama Drusilla. Drusilla akatazama dari, akiifurahia kila dakika.

Nilikubali kwa sharti moja: wifi afungwe macho. Beri zilipoiva, asubuhi ya siku yenyewe nikamfunga skafu yangu ya sufu mara mbili, nikamshika mkono, tukaanza kupanda. Penye jiwe moja kubwa njiani nilimzungusha mara tatu apoteze dira.

"Hili jiwe tumelipita," alisema mzunguko wa pili.

"Ni ndugu yake."

"Selina, goti langu!"

"Si ulitaka kuja?"

"Na huo msonobari uliovunjika?"

"Unauona vipi nawe umefungwa macho?"

Tulipofika nikamfungua, akapepesa macho, akatazama kushoto na kulia. "Ndiyo hapa tu?" alisema. Siku nne tukafanya kazi hiyo. Mimi nilichuma kwa maelekezo ya Maite, moja moja, kila beri ndani ya kijaluba chenye namba. Drusilla aliandika, maana hati yake ni nzuri na hakutuacha tusahau hilo. Maite alipima akiimba wimbo wa kwao, na siku ya tatu nikamwona anacheka tena. Alipotaka kuandika mahali kinamasi kilipo kwa namba za setilaiti, nilimshika mkono.

"Lazima?"

"Lazima. Ila nitafuta tarakimu za mwisho. Mtu akizifuata atatumbukia baharini."

Barua ya chuo ilikuja Oktoba. Miaka mitatu. Safari hii alikuja mbio akaniambia mimi kwanza, na alijua anachofanya, kwa sababu alisimama mlangoni akatazama pazia la Drusilla halafu akanibusu pande zote mbili, kwa sauti kubwa kidogo kuliko ilivyohitajika. Nilimkatia mkate wote wa molasi.

Ningeishia hapo kama nisingeuliza.

"Niambie ukweli, mwanangu. Zile zangu ulizozihesabu, na zile za wifi zilizokuwa nje ya vibendera. Zipi zina shanga nyingi?"

Akachezea makombo ya mkate. Masikio yakawa mekundu.

"Usidanganye, kudanganya hujui."

"Za Shangazi Drusilla. Kwa wastani kumi na tisa. Zako kumi na nne." Akaongeza haraka, "Si kosa lako! Kule juu kuna upepo, nzi hawapandi. Za chini zinatembelewa zaidi, basi."

Nzi! Miaka thelathini ya jamu, Zaburi zote zile, na kumbe wanaomshindia mwanamke yule ni nzi.

Maite yuko mjini sasa, anarudi Mei. Mimi nimeshaosha mitungi kumi na miwili ya jamu na kutoboa vifuniko vyake kwa msumari. Maua yakichanua Juni, siku ya Drusilla ya kliniki, nitakwenda kinamasini kwake na wavu wa Maite, nao nzi wale watapanda mlima kwa miguu yangu.