Glezi ya Mfuko wa Karatasi

Nilitoka Dagoretti kwa sababu ya barua. Mama mmoja mwenye mkahawa Westlands alikuwa ameniagiza nimfinyangie vikombe sitini vya udongo, kazi kubwa kuliko zote tangu niache shule kidato cha pili, wazazi walipofariki, ili niwalee wadogo zangu wawili. Sasa alitaka maandishi ya maabara kwamba glezi yangu, ile rangi inayokifanya kikombe king'ae kama kioo, haina madini ya risasi, ambayo ni sumu. Bila barua, nibaki na vikombe vyangu.

Saa tatu asubuhi nilikuwa mjini, kwenye duka ninaponunua glezi. Muuzaji alinionyesha mkebe uliobandikwa karatasi inayosema glezi yake haina risasi. Nikamkumbusha kwamba mimi hunipimia yangu kutoka pipa la nyuma, kwenye mfuko wa karatasi usio na maandishi yoyote.

"Madam, hiyo ni rangi tu," akasema. "Na miaka hii yote, umekufa?"

Saa sita nilipanda Upper Hill kwa miguu. Mlinzi wa maabara alinituma ghorofa ya nne, ya nne wakanirudisha ya kwanza, na ya kwanza walikuwa wameenda kula. Nikangoja. Hatimaye dada wa vipimo akaufungua mfuko wangu wa unga wa glezi, akaufunga. Hawapimi unga. Wanataka kikombe kilichochomwa, wakijaze siki siku nzima, kisha waipime hiyo siki.

Nikamuuliza kwa uchovu, kwa nini siki.

"Kitu chachu ndiyo inavuta risasi itoke. Kwani watu wako hunywa nini?"

Nilitaka kusema kahawa. Nikakumbuka uji.

Saa kumi na moja nilifika nyumbani. Kwetu vikombe vizuri huuzwa. Vilivyoharibika kwenye tanuri ndivyo vyetu. Njeri, kitinda mimba, alikuwa ameshika chake chenye mpini uliopinda, kimejaa uji wa kuchachusha, kama kila jioni tangu akiwa mdogo. Nilimpokonya. Nikakusanya vyote kwenye karai.

"Kwani sasa tutakunywa na sufuria?"

"Na sufuria."

Siku nzima nilikuwa nimewalaani watu kwa kunizungusha. Lakini swali la yule mama wa mkahawa, kama glezi ina risasi, lilipaswa kuulizwa miaka mingi iliyopita, na wa kuliuliza nilikuwa mimi. Kesho narudi Upper Hill na vikombe viwili. Cha mkahawa kitasubiri. Kitakachotangulia ni kile chenye mpini uliopinda.