Nyama Anayopakua Mama

Saa kumi na mbili na dakika ishirini asubuhi, mama alijaribu kuinuka kwenye kiti cha jikoni, akarudi kukaa. Alijaribu tena. Nilipomshika mkono juu ya kiwiko kumsaidia, vidole vyangu vilikutana.

Alikuwa amekuja kututembelea hapa Quakers Hill, ng'ambo, kutoka Bungoma. Tiketi ya kurudi tulikuwa nayo. Alitaka kwenda kuishi nyumbani kwake, peke yake, lakini daktari alikuwa amesema wazi kwamba asipoweza kuinuka kitini mwenyewe, hatamwandikia barua ya kusafiri bila msindikizaji.

Mimi ni dereva wa lori la makontena. Foleni ya bandari ya Port Botany ni ndefu, na humo ndimo nilimojisomea kwenye simu habari za lishe ya wazee. Mtu mzima anatosheka na protini isiyofika gramu moja kwa kila kilo ya mwili wake. Mzee anahitaji gramu moja au zaidi, kwa sababu misuli yake haikiitikii chakula kama zamani. Mama alikuwa na kilo hamsini na moja, na alishindia chai, ugali na sukuma wiki.

Kuku nilipika mimi. Kupakua alikataa kuniachia. Firigisi aliniwekea mimi. Mapaja alimpa kijana wangu wa miaka kumi na saba, anayenyanyua vyuma na kunywa unga wa protini asubuhi na jioni. Mama mwenyewe alijitilia shingo na mchuzi.

"Mama, kula paja."

"Nile nikue? Mimi nimemaliza kukua. Mpe huyu anayetafuta mabega."

Kijana akajibu kwa Kiingereza chake kwamba mabega yapo tayari, akachukua paja la pili.

Nikampakulia mama mimi mwenyewe. Nilipoenda kunawa, aliirudisha nyama sufuriani. Nikamkorogea ule unga kwenye uji.

"Humu kwenye uji mumeoshwa nini?" akauliza, akaumwaga.

Nikamweleza hesabu ya gramu, polepole, kama nilivyoisoma.

"Baba, nikitafuna paja huku mtoto ananiangalia, nitaitwa mama wa aina gani?"

Siku ya kupimwa, daktari alimwambia akunje mikono kifuani, ainuke. Aliinuka nusu, akakaa tena. Barua haikuandikwa. Nauli haikurudishwa. Tulipoteza dola elfu moja mia sita na arobaini.