Mtani Amenilalia Mgongoni Kwenye Arobaini ya Kaka

Leo nimepigishwa mieleka kwenye arobaini ya kaka yangu, mbele ya wapishi wa pilau.

Ngojeni nieleze.

Mzee Masanja ni Msukuma, mtani wetu sisi Wazaramo. Enzi za Ujamaa, jioni baada ya kazi, alikuwa akishindana na kaka kwenye mchanga kule Msimbazi.

Leo kaingia uani kwetu Gerezani, hata pole hakutoa.

"Wazaramo! Aliyejua kudaka mguu kafa. Kabaki nani, huyu karani?"

Utani wa msibani haukasirikiwi. Nikavua kanzu, nikaudaka mguu wake.

Akarusha miguu nyuma, akanilalia mgongoni kwa uzito wote. Pua yangu ikagusa mkeka.

Zamani, nikikwama hivyo, kaka alikuwa akipaza sauti kutoka pembeni: "Kichwa juu, Saidi! Kibane ubavuni kwake. Usimsukume, mzunguke!"

Nikasubiri.

Jamani, nilisubiri kweli. Mzee mzima nimelala kifudifudi, nasubiri sauti ya mtu niliyemzika mwenyewe.

Watu walicheka. Masanja hakucheka. Akaninong'oneza, "Hata mimi namsubiri aseme. Hatakuja, bwana. Inua kichwa."

Nikainua. Nikakibana ubavuni kwake, nikamzunguka polepole kwa magoti haya mabovu, mpaka akakaa chini, puu!

Vigelegele uani kote.

Nami nikageuka pembeni kutazama kama kaka ameona.

Ninyi wenzangu, imewahi kuwatokea?