Mama Riziki wa Pili

Kila ninaponunua kauntabuku mpya huifungua na kuinusa kabla sijalipa. Harufu ile ya gundi na karatasi hunirudisha mwaloni Bangwe, pale boti zinapotia nanga, nikiwa na miaka kumi na moja, miguu imejaa mchanga na magamba ya migebuka.

Baba alikuwa karani wa boti za mbao zilizopeleka watu vijiji vya kando ya ziwa. Mwandiko wake ulikuwa kama kuku amepita na matope. Orodha yake ya abiria iliondoka na nahodha, lakini kwanza mimi niliinakili kwenye kauntabuku iliyobaki nchi kavu. Nilipiga mistari kwa rula. Ukurasa wenye doa niliuchana.

Asubuhi ile kulikuwa na majina kumi na tano. La sita lilikuwa Mama Riziki. La kumi na tatu, Mama Riziki tena. Wa sita nilimjua: muuza vitenge wa Buzebazeba, mnene, mcheshi. Wakati anapanda alinipigia kelele, "Karani, andika na unene wangu! Nikidondoka majini wasije wakaokota nusu wakaridhika!" Watu wakacheka, nami nikacheka.

Baba alikuwa na tabia ya kurudia majina, hasa akiandika huku anagombana. Nilitaka kumuuliza. Lakini alikuwa anabishana na mtu aliyetaka kupandisha mbuzi, nami sikuweza kuvumilia ukurasa wenye kosa. Nikaliruka jina la pili. Wakabaki kumi na nne, na ukurasa ukapendeza.

Boti ilipinduka kabla ya adhuhuri, upepo wa kusini ulipoipiga ubavuni. Karatasi ya nahodha ikapotelea humo humo. Mitumbwi yote ikatoka, baba akiwa katika mmojawapo. Hadi alasiri walikuwa wakileta watu mchangani, wengine wakitapika maji, watatu wakiwa wamefunikwa khanga. Mwenyekiti wa mwalo akaishika kauntabuku yangu.

"Mwandiko wa nani huu? Unasomeka kama gazeti."

Nakiri kwamba nilifurahi. Mbele ya maiti watatu, nilifurahi.

"Mama Riziki!"

"Nipo," akajibu muuza vitenge, meno yakigongana.

Jina la kumi na nne nalo likawekewa alama. Baba akashuka mtumbwini ameloa chapachapa, akauliza, "Wametimia?" Akaambiwa wametimia. Akautazama ukurasa wangu kidogo, akauamini. Vijana wakavuta mitumbwi nchi kavu.

Kesho yake asubuhi akaja mwanamume kutoka Kalinzi kwa pikipiki, amempakata mtoto wa kike wa miaka kama minne.

"Shikamoo mzee. Namtafuta mke wangu, Mama Riziki."

"Marahaba," baba akajibu. "Yupo, mzima kabisa! Anapumzika Buzebazeba."

Yule bwana alishika kichwa akacheka, akamrusha mtoto juu, akamdaka. Mimi na baba tukawapeleka. Mlango ukafunguliwa, muuza vitenge akatokea akitabasamu. Mtoto akamwangalia, akaturudishia macho sisi.

"Huyu siyo mama."

Baba ndiye aliyesema. "Ni mimi. Nilisahau kumwandika."

Wavuvi walimpata Mama Riziki wa pili siku ya tatu, mikono imekaza kwenye dumu tupu. Walisema hakuwa amezama mara moja.

Baba aliacha ukarani, akalima mihogo. Mtaani wakamwita Bwana Nimesahau, hata watoto. Niliwasikia, nikanyamaza. Nilijiambia kwamba yeye mwenyewe anaamini alisahau, na kwamba nikisema nitamwongezea maumivu tu. Kwa miaka mingi nilijisifu moyoni kwa huruma hiyo.

Mwaka huu, tukimenya mihogo uani, nilishindwa.

"Baba, lile jina nililiruka mimi."

Hakuinua macho. "Najua, mama. Niliwaandika wawili."

Akaendelea kumenya. Kumbe alijua tangu pale mlangoni Buzebazeba, kabla hajafungua kinywa. Mimi nilidhani namficha yeye.

Riziki, yule mtoto aliyeletwa kwa pikipiki, sasa ni msichana mkubwa, anauza migebuka pale pale mwaloni. Baba akipita, Riziki hugeuza uso. Mimi huniita dada, na kila nikinunua huniongezea samaki mmoja.